Swali la Kumi na Tisa

Moshi mjini
Jumatatu, 3 Juni 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimekupigia simu mara mbili. Mara ya kwanza ulisema "Hatununui" ukakata. Mara ya pili ulifikiri mimi ni mama mchungaji, ukanisomea mahudhurio ya kwaya. Kwa hiyo nimerudi kwenye karatasi, maana uliniambia mwenyewe kwamba masikio yako yalistaafu ualimu kabla yako. Barua hii nampa Rogath wa gari la maziwa. Akipandisha makopo matupu Masama atakuachia.

Ni habari ya baba. Gego lake la chini kushoto limeoza hadi kwenye mzizi, usaha umejaa kwenye taya na shavu limevimba. Ganzi haishiki vizuri kwenye usaha. Na baba unamjua na sindano. Mwezi uliopita alimshika mkono daktari mwenzangu akamwambia, "Kijana, mimi na wewe hatujakosana, tusianze leo." Akashuka kwenye kiti akapanda zake Old Moshi na kile kitambaa cha kifuani bado kimening'inia shingoni.

Tumeamua kumlaza usingizi mwepesi, Alhamisi ya tarehe 13. Dkt. Godwin, daktari wa usingizi, huja kliniki kwetu kila Alhamisi. Kazi yangu mimi ni kuwapima wagonjwa kabla hajawagusa. Napima presha, naangalia mdomo unafunguka vidole vingapi, napima unene wa shingo, halafu nauliza maswali ishirini na mbili. Fomu ikiwa na pengo hata moja, Dkt. Godwin anairudisha. Kwa haki nisingempima baba yangu mwenyewe, lakini amekataa mtu mwingine yeyote.

Tatizo ni majibu yake. Anajibu kama yuko polisi. Pombe? "Situmii." Unakoroma? "Sijawahi kujisikia." Kisha swali la kumi na tisa: je, kuna ndugu yako wa damu aliyewahi kupata shida, au kufa, akiwa amepewa dawa ya usingizi? Hapo akasema, "Muulize dada. Mambo ya ukoo anayo yeye."

Basi nakuuliza wewe. Ningekuja mwenyewe, lakini niko zamu hadi Jumamosi, na Jumamosi ni ya harusi.

Binti yako,
Goodness


Masama
Jumatano, 5 Juni 2024

Mwanangu Goodness,

Marahaba. Barua imefika inanuka maziwa. Mwandiko wako ni wa daktari kweli, imebidi nivae miwani miwili.

Nimecheka peke yangu jikoni. Filemon hatumii pombe? Kila Jumamosi anamaliza kata mbili za mbege na ya tatu anasema anaonja. Ukimuuliza atakuambia mbege ni chakula. Andika anakunywa. Kukoroma, alipokuwa na miaka tisa tulimhamishia kulala karibu na ng'ombe, na asubuhi mama alisema ng'ombe wamepunguza maziwa. Andika anakoroma. Presha anayo, vidonge anameza akikumbuka. Siku hiyo mwambie mkewe asimpe chochote asubuhi, wala mtori wa ndizi, wala maziwa, maana kwake mtori ni kama maji, atakuapia kwamba hajala kitu.

Swali lako la kumi na tisa. Ukoo wetu ni watu wenye afya. Bibi yako alikufa kwa uzee, babu yako kwa moyo. Kaka yetu Jesse alikufa kwa homa, kabla hujazaliwa. Andika hivyo.

Lakini na mimi nina swali. Kuna ulazima gani wa kumlaza mtu mzima wa miaka sitini kwa ajili ya jino? Zamani tulishikwa na wanaume wawili, mmoja kichwa mmoja miguu, jino likatoka na tukaenda shule siku hiyo hiyo. Mkikosa wa kumshika nitakuja mimi nimshike, na asiponiogopa mimi basi haogopi mtu duniani. Mlazimisheni na ganzi. Huo wenu siuiti usingizi, mwanangu. Mtu aliyelala ukimwita anaitika.

Nimempa Rogath mkungu wa ndizi. Usimruhusu aseme ulikuwa nusu.

Shangazi yako,
Aikaeli

Nimesahau kitu. Huko kwenu mna ule mfuko mweusi wa mpira, wa kumpulizia mtu hewa kwa mkono? Nauliza tu.


Moshi mjini
Ijumaa, 7 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mkungu ulifika mzima na Rogath ameapa kwa mama yake.

Mfuko wa kupulizia tunao, miwili. Siku hizi si myeusi, ni ya plastiki inayopitisha mwanga. Nimekaa nikajiuliza umeujulia wapi. Watu huniuliza kama itauma, kama watasema siri zao wakiwa usingizini, kama wataweza kula jioni. Katika miaka minne hakuna aliyewahi kuniuliza habari ya mfuko.

Kumshika baba haiwezekani. Jana uvimbe umeshuka hadi chini ya taya. Usaha ukiendelea kushuka shingoni utaziba njia ya hewa, na hapo hatutakuwa tunazungumzia jino tena. Lazima litoke wiki ijayo.

Sasa niruhusu nikuulize bila kuzungukazunguka, nawe usinikasirikie. Jesse alikufa kwa homa gani?

Nilikulia pembeni ya kaburi lake pale kihambani, kwenye shamba la ukoo. Tulikuwa tukicheza huko mama anatufukuza. Tarehe nazijua kwa kichwa: 1962 hadi 1983. Kijana wa miaka ishirini na moja aliyekuwa akibeba mizigo ya wageni mlimani. Nakumbuka kila ulipokuja Old Moshi ulianzia kaburini kabla hujaingia ndani, ukipunguza yale masale, ile mimea ya majani marefu uliyoipanda. Na kwetu kila mtu anarithi jina. Kuna akina Jacob watatu, Elizabeth wawili, Filemon wawili. Jesse hayupo hata mmoja. Mama aliwahi kuniambia kwamba mdogo wangu Eliona alipozaliwa alitaka kumwita Jesse, babu akainuka kwenye kiti akatoka nje, na jina likaishia hapo.

Nakuambia kwa nini nang'ang'ania. Kuna watu ambao miili yao haiwezi kuivunja dawa fulani tunayoitumia mgonjwa akipata dharura. Ni watu wazima, wenye nguvu za kubeba gunia. Hawajui, wala sisi hatujui, mpaka siku wanapodungwa. Ni jambo la kurithi, kama pua. Ndiyo maana swali la kumi na tisa liko kwenye fomu. Dkt. Godwin akiona "ndiyo" hapo, hiyo dawa haigusi, anatafuta njia nyingine, au tunampeleka baba hospitali kubwa yenye mashine ya kupumulia. Akiona "hapana" anaendelea kama kawaida.

Kwa hiyo nahitaji neno moja tu. Jesse alipewa dawa ya usingizi, ndiyo au hapana?

Goodness


Masama
Jumatatu, 10 Juni 2024

Goodness,

Hapana.

Homa ilikuwa homa. Wakati ule watu walikufa kwa homa bila kuuliza ni ipi. Babu yako alikataa jina kwa sababu lilimuumiza, na mtu akiumia anaachwa.

Nakuomba jambo moja, wala usiniulize sababu. Siku hiyo usiondoke kitandani kwa baba yako. Hata kama kazi yako itakuwa imekwisha, kaa. Na ikitokea lolote, ukiona mtu anayemhudumia amechoka, mpokee. Wewe ukichoka, apokee mwingine. Msikubali kuchoka wote kwa pamoja.

Ukungu huku haujaondoka siku ya nne. Kahawa inachelewa kuiva.

Shangazi Aikaeli


Moshi mjini
Jumanne, 11 Juni 2024

Shangazi,

Asante. Nimeweka "hapana" na nimekuandika wewe kama ndugu aliyetoa taarifa. Fomu imekamilika na Dkt. Godwin ameitia sahihi mbele yangu. Kama nimekuudhi na maswali yangu nisamehe, ni kazi. Nitakaa kitandani kama ulivyosema, ingawa sijaelewa.

Baba anakusalimu. Ameuliza kama akifa ng'ombe wake utamchunga wewe. Nimemwambia wewe utamuuza siku hiyo hiyo.

Goodness


Moshi mjini
Jumamosi, 15 Juni 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Baba yu hai. Naanza na hilo ili usisome barua hii huku moyo ukikuenda mbio. Yuko hapa kwangu, amekula uji, analalamika kwamba hauna chumvi.

Sasa nikueleze. Alhamisi saa nne asubuhi alilala vizuri. Jino likatoka, usaha ukatoka, tukashukuru. Wakati tunasafisha, koo lake likajibana ghafla. Hutokea, hasa damu kidogo ikishuka kooni. Hewa haiingii, midomo inabadilika rangi mbele yako. Dkt. Godwin akafanya kile ambacho daktari yeyote wa usingizi angefanya: akampa dawa ya kulegeza misuli ili koo lifunguke. Likafunguka. Dawa hiyo huisha kwa dakika tano, zikizidi sana kumi, mtu anaanza kupumua mwenyewe.

Baba hakupumua. Dakika kumi, ishirini, nusu saa. Moyo unapiga vizuri kabisa, presha nzuri, lakini kifua kimetulia kama cha maiti na kope hazitikisiki. Tukawa tunampulizia kwa mfuko. Gari la wagonjwa lilikuja baada ya saa moja, halikuwa na mashine ya kupumulia. Dkt. Godwin akasema kumshusha ngazi na kumtikisa barabarani huku tukipuliza ni hatari kuliko kubaki. Tukabaki.

Shangazi, mfuko ule ni laini, lakini baada ya nusu saa vidole vinakuwa si vyako. Tulipokezana: Dkt. Godwin, muuguzi Gladness, mimi, hata Monica wa mapokezi tulimfundisha. Ilipofika saa ya pili Monica akaanza kulia, akasema tumwite mchungaji. Dkt. Godwin mwenyewe, ambaye alisema hali hii ameisoma tu vitabuni, alianza kuniangalia kwa namna ambayo sikuipenda. Akaniuliza taratibu, "Una uhakika na ile fomu?" Nikasema nina uhakika. Halafu nikakumbuka maneno yako. Msikubali kuchoka wote kwa pamoja. Nikayasema kwa sauti, nikamwambia Gladness nipokee, na tangu hapo tukaweka zamu za dakika kumi kwa saa ya ukutani.

Saa ya tatu nikaona machozi yanamtoka jicho la kushoto. Nikamwonyesha Dkt. Godwin, akamwongezea dawa ya usingizi haraka, akasema labda ni macho tu kukauka.

Saa kumi jioni kidole gumba kilitikisika. Kisha kidevu. Saa kumi na robo alivuta hewa mwenyewe. Saa tano zilikuwa zimepita. Gladness alikaa chini sakafuni na sare yake nyeupe.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo kubwa. Ni ile hali niliyokuandikia, dawa isiyovunjika mwilini. Damu imechukuliwa ipelekwe kupimwa. Ni ya ukoo, kwa hiyo wewe, mimi na Eliona lazima tupimwe wote. Na Dkt. Godwin ameniambia jambo ambalo nataka ulijue ili usiogope tena: hali hii yenyewe haiui. Ukiendelea kumpulizia mtu, dawa inaisha polepole na anaamka mzima, kama baba. Wanaokufa ni wale walioachwa mapema. Ni suala la saa tu, Shangazi. Saa tano.

Nimeisoma tena barua yako ya tarehe 10, mara nyingi. Ulijuaje?

Goodness


Masama
Jumapili, 16 Juni 2024

Goodness mwanangu,

Sikwenda ibadani leo. Ni mara ya kwanza tangu babu yako afe.

Nilikudanganya. Fomu yako ina uongo, na chini ya uongo huo kuna jina langu. Kama baba yako angekufa, ningekuwa nimemuua kwa neno moja lenye herufi sita. Nimefundisha watoto kusema kweli kwa miaka thelathini na nne.

Jesse alikuwa na jipu la jino. Taya lile lile, mwanangu, la kushoto. Baba alisema apewe majani na asubiri. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na nne, mwalimu mpya, najua kila kitu. Baba alipokwenda mnadani nikamchukua Jesse tukashuka kwa miguu hadi hospitali moja ambayo jina lake halina faida tena, na wengi waliokuwa pale wameshakufa. Wakasema watampasua kidogo. Karatasi ya kukubali nilitia sahihi mimi. Alipokuwa anaingia alinitania, akasema akirudi bila jino nimtafutie mchumba asiyeona vizuri.

Hakupumua tena. Walikuja wakaniita ndani. Kulikuwa na mganga mmoja na wauguzi wawili, na mfuko mweusi. Walikuwa wakipokezana. Moyo wake ulikuwa unapiga, niliweka mkono wangu mwenyewe nikausikia. Walipuliza kwa saa mbili. Muuguzi mmoja alikuwa mjamzito, jasho linamtiririka mpaka shingoni. Mganga akaniambia kwamba mtu mwenyewe ameshaondoka, umebaki moyo tu, na moyo nao ni suala la muda, kwa hiyo ni juu yangu mimi kama ndugu. Hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Filemon alikuwa jeshini, JKT, baba alikuwa mnadani. Nikasema, "Basi. Mwacheni apumzike."

Jicho lake lilikuwa linatoa machozi, Goodness. La kushoto. Muuguzi akalifuta kwa pamba akasema ni dawa.

Baba alirudi jioni. Hakunipiga, hakunifokea. Alikaa mlangoni akasema, "Ni homa. Nimesema ni homa." Alijua ukoo ungeniuliza nani alimpeleka kijana bila ruhusa, na Filemon angeniuliza kila siku ya maisha yake. Alinikinga. Kukataa lile jina kulikuwa ni kunikinga vilevile, ili nisiliite mezani. Nami nikakaa ndani ya ule uongo miaka arobaini na moja mpaka nikaona ni nyumba yangu.

Nikuambie na hili. Jumatano, siku moja kabla, niliandika barua ya kweli. Nilitoka nayo alfajiri hadi barabarani. Gari lilisimama, Rogath akanyoosha mkono dirishani. Nikairudisha ndani ya kanga, nikamwambia nimekuja tu kumsalimu. Aliondoka na makopo yake. Nilisimama pale mpaka umande ukalowanisha miguu. Niliogopa zaidi macho ya Filemon kuliko kifo chake. Hivyo ndivyo nilivyo, na ni vizuri ujue.

Umeandika saa tano ili nisiogope. Mimi niliwaruhusu waache baada ya saa mbili. Zilibaki tatu. Tangu jana nazihesabu, nakaa kwenye kiti nasubiri ziishe nione ni ndefu kiasi gani. Si ndefu. Nilipika, nikaosha vyombo, nikapalilia vitunguu, zikawa zimekwisha.

Peleka jina la Jesse kwa Dkt. Godwin, alitie kwenye karatasi za ukoo. Lakini baba yako usimwambie. Nakupigia magoti. Mwache amalize uzee wake na dada aliye naye.

Kimoja tu ndicho kinachonishikilia. Alikuwa amelala. Hakujua kilichotokea, wala hakujua ni nani aliyesema neno lile.

Aikaeli


Moshi mjini, kwa Goodness
Jumapili, 16 Juni 2024

Dada Aikaeli,

Shikamoo. Mimi mdogo wako niliyekuwa nirithiwe ng'ombe bado nipo. Goodness amekwenda ibadani, nimepata nafasi ya kukuandikia bila yeye kuchungulia. Shavu limeshuka. Natafuna upande mmoja kama mbuzi mzee.

Nakuandikia jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mke wangu, maana watafikiri nimeharibika kichwa. Goodness nikimwambia atalia, na ametosha kulia. Wewe hulii ovyo.

Dada, nilikuwa nasikia.

Mwanzoni nililala kweli. Halafu nikaamka, ila mwili haukuamka nami. Sikuweza kufungua jicho. Sikuweza kutikisa kidole wala kuvuta pumzi. Ilikuwa kama nimefukiwa kwenye udongo, ila juu ya udongo watu wanazungumza. Wewe siku hizi husikii, mimi siku ile nilisikia kupita kiasi. Nilisikia saa ya ukutani. Nilimsikia yule binti wa mapokezi anataka aitwe mchungaji. Nilisikia viatu vya Gladness. Nilijua kila mkono ulipobadilika kwenye mfuko, maana mpulizo wa Dkt. Godwin ulikuwa mrefu na wa Goodness ulikuwa wa harakaharaka.

Nikaelewa kwamba pumzi yangu iko mikononi mwa watu, na watu wanachoka. Kufa kwenyewe sikukuogopa sana, nina miaka sitini na nimeona wajukuu. Nilichoogopa ni neno moja. Niliogopa mtu aseme "basi". Nilikuwa napiga kelele ndani, nawaambia nipo, nipo hapa, msiache, na kelele zenyewe hazina pa kutokea. Machozi tu ndiyo yalitoka, nikafurahi kwamba kuna kitu kimetoka, labda wataona.

Ndipo nikamsikia mwanangu anasema kwa sauti, "Shangazi amesema tusikubali kuchoka wote kwa pamoja." Kisha nikapewa usingizi tena, na nilipoamka ilikuwa jioni.

Kwa hiyo, dada, ni wewe. Sijui ulijuaje, wala sikuulizi. Tangu tukiwa watoto wewe ulikuwa unajua mambo. Nilitaka tu ujue kwamba sauti yako ilifika mahali nilipokuwa, na ndiyo niliyoishika.

Jumapili ijayo nakuja Masama kukushukuru. Nitaleta mbege, na usimwambie Goodness.

Mdogo wako,
Filemon


Masama
Jumanne, 18 Juni 2024

Filemon mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako niliipokea jana asubuhi mikononi mwa Rogath, wakati huo huo namkabidhi yangu ya kumpelekea Goodness. Katika hiyo nilimwomba akufiche jambo. Leo namwandikia mstari mmoja kumfungua na ombi hilo. Jambo lenyewe nakuambia mimi.

Jesse hakufa kwa homa. Alilazwa usingizi kwa jino, kama wewe, wewe ukiwa jeshini. Mimi ndiye niliyempeleka. Hakupumua, kama wewe. Moyo wake ulikuwa unapiga, kama wako. Walipuliza kwa saa mbili wakaniuliza, na mimi ndiye niliyesema lile neno ulilokuwa unaliogopa. Nililisema hivyo hivyo, kwa sauti ya kawaida, nikiwa nimesimama karibu na kichwa chake.

Goodness aliponiuliza kwa ajili yako, niliandika hapana. Karibu nikupoteze na wewe, ili usinijue.

Miaka yote hii nilijiambia kwamba alikuwa amelala. Jana nimeisoma barua yako jikoni nikiwa nimesimama, na sijakaa vizuri tangu hapo. Alinisikia, Filemon. Aliijua sauti yangu kuliko ya mtu yeyote mle ndani, na bila shaka nilipoingia alifurahi.

Njoo Jumapili. Acha mbege. Njoo na daftari na kalamu, utaniandikia yote unayotaka kuniambia, ukurasa kwa ukurasa, nami nitayasoma mbele yako bila kugeuza uso.

Nyuma ya nyumba nina masale niliyoyaotesha kwa tawi la kaburini kwake. Asubuhi nimekata jani moja. Nilitaka kulitia kwenye bahasha hii, nikakumbuka kwamba kwa mila yetu isale likikufikia mkononi huruhusiwi kukataa kusamehe, hata kama moyo haujakubali. Nilishawahi kumwamulia ndugu yangu mmoja asiyeweza kujibu. Kwa hiyo jani liko hapa mezani, ndani ya glasi ya maji. Ukishamaliza kuandika utaniambia kama nikupe, au nikalitupe.

Dada yako,
Aikaeli